Kumchafua mpinzani kwenye udiwani: ni siasa au ni uoga?

Kalamu Butu: Wakuu, tulijadili hili. Mgombea urais akichafuliwa, kachafuliwa na watu asiowajua. Udiwani ni kitu kingine. Anayepitisha vikaratasi usiku kwamba fulani ni mwizi ndiye jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na kura zikishahesabiwa wataendelea kupishana kila asubuhi. Kwenye kata hoja ni barabara, taka na maji. Ndoa yake na madeni yake yanatuhusu nini?

Shoka la Bure: Madeni yanatuhusu sana. Mtu kashindwa kumlipa jirani, wewe unamkabidhi fedha za kata? Hawa wanaolia wamechafuliwa, wengi walikuja na tope lao mguuni. Ndiyo maana walimu wastaafu siasa inawashinda: wamezoea kusikilizwa na watoto, wakijibiwa kidogo tu, machozi.

Mama Chaki: Shoka, miaka 31 nimesimama mbele ya darasa. Hizo herufi unazotutukania ulifundishwa na nani?

Fundi Saa: Chaki imerushwa hiyo!

Shoka la Bure: Sijamtaja mtu. Ila mnaona wenyewe.

Mama Chaki: Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955 akaingia kwenye siasa moja kwa moja. Naye alikuwa wa machozi?

Msomi wa Kijiweni: Tena si yeye peke yake. Rais Lyndon Johnson wa Marekani alifundisha watoto Texas kabla ya siasa, na kampeni yake ndiyo iliyotoa lile tangazo la 1968, katoto kanachambua ua, mara bomu la nyuklia hilo. Mwalimu huyo! Machozi yako wapi?

Fundi Saa: 1964, mkuu. Hiyo 1968 alijitoa mapema. Na tangazo kampeni ililirusha mara moja tu, tena bila kumtaja mpinzani wake, Goldwater, kwa jina. Watu walijaziliza wenyewe.

Kalamu Butu: Jamani, tulikuwa kwenye udiwani.

Wakili wa Kata: Mfano wa huko chini upo. Tower Hamlets, London, umeya, 2014. Lutfur Rahman alishinda, wapiga kura wanne wakaenda mahakamani, Aprili 2015 uchaguzi ukafutwa. Makosa yalikuwa mengi, lakini mojawapo ni kumzushia mpinzani wake, John Biggs, kwamba ni mbaguzi wa rangi. Sheria ya Uingereza haimkatazi mtu kuwa mkali. Inakataza taarifa ya uongo juu ya tabia binafsi ya mgombea. Mimi mstari wangu ni huohuo.

Shoka la Bure: Malizia basi hadithi, wakili. Alifungiwa miaka 5, akagombea tena 2022, akashinda. Wananchi walijali?

Mama Chaki: Walimu bado hujawaomba radhi.

Pilipili Manga: Mnaongelea London, mimi niligombea hapahapa kwetu. Sikuitwa mwizi wala nini. Walisema tu "huyu si wa kata hii". Basi kila mkutano nikawa napanda jukwaani na cheti cha kuzaliwa. Mimi naeleza nilikozaliwa, mwenzangu anaeleza mitaro. Ukijibu, siku imekwisha. Ukinyamaza, "kanyamaza kwa kuwa ni kweli". Na aliyelianzisha hilo neno mpaka leo hajulikani, utamshitaki nani, wakili?

Wakili wa Kata: Hapo ndipo pagumu. Mahakama inataka mtu na maneno yake. Uvumi wa mtaani hauna sahihi.

Fundi Saa: Pole sana, Pilipili. Kwani kweli ulizaliwa wapi?

Pilipili Manga: Na wewe tena!

Kalamu Butu: Mnaona sasa ninachosema?

Mama Chaki: Kuzaliwa kwake hakutuhusu. Shoka, nakusubiri.

Shoka la Bure: Shikamoo, mwalimu.

Mama Chaki: Marahaba. Sasa radhi.