Tupeane uzoefu: gesti tulivu Dar, ya bei ya kawaida, isiyopakana na baa

Mnyiramba Halisi
Habari zenu wakuu. Mwezi ujao namleta bi mkubwa kliniki Muhimbili, siku tatu nne hivi, na kashasema hataki kukaa kwa ndugu, hawezi kulala sebuleni kwa mkwe wa mtu. Natafuta gesti ya kawaida tu, elfu 30 mpaka 40, choo ndani, iwe KIMYA.

Kilichonishtua, jana napekua begi nikakuta risiti ya gesti niliyolala Sinza mwaka juzi. Nilifika saa kumi jioni, mtaa umetulia, mwarobaini getini, paka kalala chini yake, nikasema hapa ndo penyewe, nikalipia siku tatu zote. Kumbe nyuma ya ukuta kuna baa, na spika wameziegemeza upande wangu. Saa mbili usiku glasi ya maji mezani inatembea yenyewe. Saa tisa MC bado anatangaza meza namba nne kuna mtu kazaliwa leo. Nikamfuata wa mapokezi akaniambia "kaka, leo Alhamisi tu, subiri kesho." Hela hawarudishi. Toka siku hiyo nikiona gesti ina paka kalala nakuwa na wasiwasi.

Leteni uzoefu na nyie.

Konda Mstaafu
Sinza na utulivu wapi na wapi mkuu

Mtoto wa Mapipa
Umesema kweli konda.

Bin Makaburini
Msiiseme Sinza yote jamani. Huku Makaburini kuna gesti za ndani ndani kimya kabisa, majirani hawajawahi kupiga muziki hata siku moja.

Mama Mzigo
Mwanangu umenikumbusha mbali. Mimi natoka Tunduma, nafuata mzigo Kariakoo tangu 2011, na mwanzoni nilikuwa na akili kwamba gesti nzuri ni ile iliyo karibu na duka, unatoka mlangoni uko sokoni. Nikapata moja mitaa ya nyuma ya Msimbazi, ghorofa ya kwanza, safi, shuka zinanukia. Sikuuliza dirisha linaangalia wapi. Saa saba usiku lori likaja kushusha mabalo, makuli wanaimba na kutukanana, kila balo likidondoka chini na kitanda kinaruka, wakamaliza saa kumi, nikasema alhamdulillah, hapohapo maguta yakaanza kugombea njia na adhana juu yake, na huyo mpiga debe sijui alikuwa anamwita nani alfajiri yote ile. Asubuhi nimeingia dukani nimevimba macho, nikahesabiwa dera pungufu dazeni nzima na sikuona mpaka niko Mbeya. Dazeni nzima! Mpaka leo naiwaza.

Sasaivi nalala Magomeni Mapipa, mitaa ya ndani, napanda mwendokasi naingia Kariakoo asubuhi. Na wewe kwa Muhimbili ukitokea Mapipa sio mbali, unashuka Fire unachukua bajaji. Hapo bi mkubwa hatapata shida.

Bajaji Bila Bima
Mama Mzigo unampoteza mwenzio. Mwezi ujao ni masika. Mvua ikinyesha usiku mmoja tu barabara ya Jangwani ya kuingia mjini imefungwa, hapo Mapipa anakuwa kama yuko kisiwani, kliniki saa moja asubuhi ataenda kwa mtumbwi? Itabidi azunguke Kinondoni aingilie daraja la Salender na foleni yote ya mji iko hukohuko. Alale upande wa mjini wa Jangwani, basi.

Mama Mzigo
Nimelala Mapipa masika ngapi wewe unanifundisha? Unaangalia mvua, ukiona wingu unatoka saa kumi na moja.

Bajaji Bila Bima
Mgonjwa aamke saa kumi na moja aangalie wingu. Sawa mama.

Mtoto wa Mapipa
Mie nimezaliwa hapo, bajaji yuko sahihi. Mama Mzigo naye yuko sahihi.

Dada wa Mapokezi
Nimekaa mapokezi gesti mbili tofauti miaka sita, ngoja niwape siri. Ukiuliza "hapa kuna kelele?" tutakujibu hakuna, hilo jibu linatoka lenyewe. Uliza "Jumamosi muziki unapigwa wapi?" utaona dada anavyoangalia juu. Pili muulize kama mnauza masaa. Wakiuza masaa kimbia, milango itabamizwa mpaka asubuhi na kila baada ya dakika arobaini shuka zinabadilishwa kolidoni kwa kelele. Tatu omba chumba cha mwisho kabisa cha kolido, kile cha karibu na mapokezi tunampaga mgeni anayeonekana mpole, kwa sababu TV yetu haizimwi. Samahanini wapole wote niliowapa.

Fundi Feni
Mnahangaika bure, omba chumba chenye panga boi bovu. Ile inayolia kwi kwi kwi. Dakika kumi husikii baa wala mpiga debe.

Konda Mstaafu
😂😂 ikudondokee

Usaili 2019
Hili la kelele za jirani mnanichokoza, nilishaapa sitalisema.

2019 niliitwa usaili Posta. Sina ndugu Dar, nina elfu 50 mkononi ya siku mbili pamoja na kula. Nikapata gesti ya elfu 12, Manzese kwa ndani. Zile nyumba za zamani, mnazijua, ukuta wa chumba na chumba haufiki juu, umeishia usawa wa mtu akisimama kitandani, dari ni moja wote. Jirani akiwasha taa na wewe unaona. Ndala nimepewa zote za kushoto, moja imechongwa kisu "4" nyingine "9". Kitabu cha wageni nikaandika kabila, nilikotoka, ninakokwenda. Kwenye ninakokwenda nikaandika "kazini" ili mambo yafunguke.

Ilipofika saa tatu usiku nikasikia watu wanapishana kolidoni, kila mmoja anagonga namba 5 mara tatu, taratibu. Nikadhani mambo yetu yale. Mara moshi wa ubani ukaanza kuvuka ukuta unakuja kwangu. Nikasikia mzee anauliza, "huyo anayekufungia riziki ni mweusi au maji ya kunde?" na mama analia. Nikaacha kukariri majibu ya usaili nikawa nasikiliza kesi za watu. Kesi ya tatu ilikuwa nzito, sitaisema hapa.

Saa nane umeme ukakatika. Nikasikia "mshike! mshike huyo!" na mabawa pu pu pu, halafu kitu kikatua juu ya neti yangu. Kamba zote nne zikakatika, neti ikatufunika wote wawili. Sasa fikiria, giza, umefungwa kwenye neti na kitu chenye makucha kinakukwaruza kifuani, na umeshajua jirani yako ni mganga. Nilipiga yowe sijawahi kupiga. Kolidoni mtu akajibu "MWIZI!" Nikajua nimekufa. Milango ikafunguka, watu na fimbo, dada wa mapokezi akanimulika na tochi ya simu, niko na bukta tu nimekumbatia jogoo mweusi.

Kabla sijajieleza, juu ya ukuta kikatokea kichwa cha yule mzee, akasema kwa upole kabisa, "kijana usimwachie. Akigusa chini kazi yote imeharibika." Na mimi kwa akili zangu nikamshika. Nimekaa kitandani na jogoo mapajani mpaka kunapambazuka, kila nikitaka kusinzia mzee anakohoa.

Shati la usaili lilikuwa linaning'inia msumarini, jogoo alishalipitia begani. Nikalisugua na kile kipande cha sabuni cha gesti, nikaenda limelowa.

Kazi nilipata. Ndo ninayofanya mpaka leo.

Konda Mstaafu
Chai hii. Chai ya rangi, haina hata tangawizi.

Bin Makaburini
Kesi ya tatu ilikuwa nini mkuu, usitufanyie hivyo

Mwana Takwimu
Chai kabisa. Kuku haruki urefu huo. Ukuta wa usawa huo ni futi 7 au 8, kuku mzito hata meza anapanda kwa shida.

Mfugaji wa Kibaha
Wewe unaongelea kuku wa kisasa, wale wamekaa bandani wananenepa. Jogoo wa kienyeji analala juu ya mwembe kila siku, unadhani anapanda kwa ngazi?

Mwana Takwimu
Mwembe ana matawi, anapanda hatua kwa hatua. Huo ukuta una matawi?

Mfugaji wa Kibaha
Alikuwa anakimbia kisu. Ukikimbizwa na kisu na wewe ungeruka futi 8.

Dada wa Mapokezi
Mimi naiamini. Waganga tulikuwa tunawapokea sana, wanalipa wiki nzima kabla na hawasumbui. Tatizo lao ni moja tu, ubani kwenye mapazia hautoki.

Mama Mzigo
Halafu mbona hamjaliona, ile dawa ya yule mama aliyekuwa analia si imekwenda kwa kijana? Yeye ndo aliyemshika jogoo. Mama wa watu mpaka leo anasubiri riziki na riziki iko Posta inalipwa mshahara.

Usaili 2019
Mama umenitoa usingizi. Hilo nilikuwa sijaliwaza miaka yote hii.

Bajaji Bila Bima
Mrudishie hata nusu 😂

Sista wa Ilala
Turudi kwa mleta mada jamani, ana mgonjwa. Kaka yangu, ukitaka kimya kwa bei ya kawaida, tafuta zinazoendeshwa na taasisi za dini. Kuna Msimbazi Centre pale Ilala ya Wakatoliki, na YWCA, ya chama cha wanawake Wakristo, mjini karibu na Posta. Vyumba sio vya kifahari, kitanda, neti, feni, basi, ila mtu analala. Piga simu mapema, wakati wa semina panajaa. Na wote hao wako upande wa mjini, Jangwani haikuhusu.

Fundi Feni
Ila kwaya ya Jumamosi ikifanya mazoezi utanikumbuka na panga boi langu.

Konda Mstaafu
Kingine, usifike usiku. Mtu wa usiku anachukua anachopewa. Fika saa sita mchana, acha begi kwa bodaboda, zunguka nyumba nzima uone nyuma kuna nini. Makreti ya bia yamepangwa, geuza.

Dada wa Mapokezi
Begi aachie bodaboda?? Konda wewe ulistaafu au ulifukuzwa

Mnyiramba Halisi
Nashukuru sana wakuu, nimepiga simu Ilala, chumba kipo, cha chini, hana haja ya kupanda ngazi. Jioni hii nimekaa na bi mkubwa nikamsomea mlichoandika chote tangu mwanzo. Ya makuli amecheka, ya Jangwani akasema basi twende Ilala. Nilipofika kwa jogoo akanyamaza kabisa, akaniambia rudia pale kazi ilipopatikana. Nikarudia. Akakaa kidogo, halafu akaniuliza hiyo gesti ya elfu 12 iko Manzese mtaa gani.