Naomba ushauri: baada ya Illmatic, nisikilize albamu ipi ya rapa Nas?

Wakuu habari zenu. Mimi ni mtu wa 2Pac tangu enzi za kaseti, Nas nilikuwa namsikia kwa mbali tu. Juzi mdogo wangu kanisikilizisha Illmatic ya 1994: nyimbo 10, dakika 40 hivi, imeisha. Ile tarumbeta mwishoni mwa wimbo wa tatu, kumbe anapuliza baba yake mzazi, Olu Dara! Nimeirudia mpaka wife kanuna.

Sasa nifuate It Was Written ya 1996, au niruke hadi Stillmatic ya 2001, alikomjibu rapa mwenzake Jay-Z? Au King's Disease ya 2020 iliyompa tuzo yake ya kwanza ya Grammy? Bando langu la mawazo, siwezi kupakua zote. Mnaomjua vizuri, nianze na ipi, na ipi niachane nayo?