Mfalme wa Ugiriki alipoteza kiti cha enzi, lakini Olimpiki haikumwacha: kwa nini?

Mwalimu wa Historia, Nakuru

Wanajukwaa, salamu kutoka Nakuru. Ninafundisha Historia katika kidato cha tatu, na kila Jumatano jioni ninasimamia chama cha mjadala, ambacho muhula huu kina hoja isemayo kwamba uongozi wa michezo haufai kuachiwa watu wa nasaba kubwa. Katika kuwaandaa wanafunzi nilitoa mfano wa Constantine II, mfalme wa mwisho wa Ugiriki, nikaandika ubaoni sentensi hii: "Constantine aliiwakilisha Ugiriki katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki." Msichana mmoja anayeketi karibu na dirisha, ambaye kwa kawaida hazungumzi mpaka awe na hakika, aliinua mkono akauliza: ikiwa Wagiriki wenyewe walipiga kura mwaka 1974 kuukataa ufalme, na mtu huyo akabaki na heshima ya Kamati mpaka alipofariki mwaka 2023, basi katika miaka hiyo yote alikuwa akimwakilisha nani?

Nilisimama na chaki mkononi nikakosa la kumjibu. Nimemwahidi jibu ifikapo Jumatano ijayo, wala sitaki kumpa la kubahatisha. Ningependa kuelewa ufalme ule ulifungamana vipi na Olimpiki tangu mwanzo, na zaidi ya hapo, kama nafasi ya mjumbe wa Kamati ni ya nchi au ni ya mtu.

Msomaji wa Kakamega

Mwalimu, mwanafunzi wako anastahili pongezi. Nitajibu kuhusu ufalme, na hilo la pili nitawaachia wanaojua uendeshaji wa vyama vya michezo.

Ufalme wa Ugiriki ya sasa ulikuwa wa kuletwa. Wagiriki walipojikomboa kutoka kwa Waturuki, Uingereza, Ufaransa na Urusi ndizo zilizowatafutia mfalme, na mwaka 1832 akachaguliwa Otto, mwana wa mfalme wa Bavaria. Huyo waliishi naye kwa taabu hadi mwaka 1862 walipomwondoa. Mwaka uliofuata aliletwa kijana wa Denmark mwenye umri wa miaka 17, akatawazwa kwa jina la George I. Mfalme asiye na kaburi la babu yake katika nchi anayoitawala hana budi kutafuta jambo la kumfunga na watu wake, nami naamini kwamba Olimpiki ilikuwa mojawapo ya mambo hayo.

Mkutano wa Paris ulipoamua mwaka 1894 kwamba michezo ya kwanza ifanyike Athens, nchi ilikuwa imetangaza mwaka mmoja tu kabla yake kuwa haiwezi kulipa madeni yake. Waziri mkuu, Charilaos Trikoupis, hakuitaka kabisa gharama hiyo. Aliyelichukua jukumu ni mrithi wa kiti cha enzi, naye pia aliitwa Constantine (huyu ni babu wa yule unayemzungumzia), akaiongoza kamati ya maandalizi na kuwaomba Wagiriki wenye mali wachange. Tajiri mmoja aliyekuwa akiishi Alexandria, Georgios Averoff, alitoa karibu drakma milioni moja ili uwanja wa kale ujengwe upya kwa marumaru. Yaani mambo ambayo serikali iliyachelea, ufalme uliyabeba na ukapata sifa zake zote. Trikoupis alijiuzulu mwanzoni mwa mwaka 1895.

Tarehe 6 Aprili 1896 Mfalme George alifungua michezo. Siku chache baadaye likatokea tukio ambalo ningependa wanafunzi wako walione kwa macho ya moyo: mbio za masafa marefu kutoka mji wa Marathon zinafika uwanjani, na anayetangulia kuingia ni Mgiriki, Spyridon Louis, mchota maji wa kijiji kilicho karibu na Athens, mwili mzima umejaa vumbi. Wana wawili wa mfalme, Constantine na George, wanashuka kutoka mahali pao na kukimbia sambamba naye hadi mwisho. Katika dakika chache zile, vijana wa ukoo wa kigeni walionekana kuwa Wagiriki kuliko walivyowahi kuonekana.

Baada ya hapo mfalme alitaka michezo ibaki Ugiriki daima. Pierre de Coubertin, ambaye ndiye aliyeasisi Kamati na ambaye mwaka huohuo aliupokea urais wake kutoka kwa Mgiriki Dimitrios Vikelas, alikataa katakata, na michezo ya mwaka 1900 ikaenda Paris. Athens iliandaa michezo yake mwaka 1906, lakini Kamati haiihesabu miongoni mwa Olimpiki rasmi. Mtu anayetaka kujua siasa za uongozi wa michezo zilianza lini asitafute mbali: zilianza pale, baina ya mfalme aliyetaka kuimiliki michezo na Mfaransa aliyetaka iwe mikononi mwa Kamati.

Yaliyofuata katika ukoo ule nitayapitia haraka. George I aliuawa kwa risasi Thessaloniki mwaka 1913. Mwanawe Constantine I aliondolewa mwaka 1917, akarudi, kisha akaondoka tena mwaka 1922. Kulikuwa na jamhuri kuanzia 1924 hadi 1935. Constantine II alizaliwa mwaka 1940, na vita vilipofika Ugiriki alipelekwa akiwa mtoto mchanga, akalelewa Misri na Afrika Kusini. Alitawazwa mwaka 1964 akiwa na miaka 23. Wanajeshi walipindua serikali Aprili 1967, naye alipojaribu kuwapindua mwezi Desemba akashindwa na kukimbilia Roma. Wanajeshi walifuta ufalme mwaka 1973, na utawala wa kiraia uliporudi wananchi waliulizwa upya tarehe 8 Desemba 1974. Takriban asilimia 69 walichagua jamhuri.

Baharia wa Dunga

Nashukuru kwa maelezo ya Msomaji, lakini kuna jambo moja lisiloelezwa na nasaba, nalo ni kwamba Constantine II alikuwa mwanamichezo kwelikweli. Mwaka 1960, katika Olimpiki ya Roma, ambayo mashindano yake ya mashua yalifanyika katika ghuba ya Naples, alipata medali ya dhahabu akiwa na wenzake wawili, Odysseus Eskitzoglou na Georgios Zaimis. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Ugiriki tangu mwaka 1912. Dada yake Sofia, ambaye baadaye alikuwa malkia wa Uhispania, alikuwa wa akiba katika kikosi hicho.

Mimi ninaishi hapa Dunga, Kisumu, na nimekulia ndani ya mashua ya tanga. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu ukatupeleka ziwani, na alasiri ziwa lenyewe huturudisha. Mtu akichelewa na upepo ukamgeukia, hawezi kuuendea moja kwa moja. Hulazimika kubisha, yaani kwenda mshazari upande huu kisha upande ule, na kila anapogeuka ni lazima mmoja ashike usukani, mwingine alegeze kamba ya tanga, na wa tatu ahamishe uzito wake kabla mashua haijalala. Akikosea mmoja, wote wanakunywa maji. Mashua za aina waliyoshindania, zinazoitwa Dragon, zina urefu wa karibu mita 9 na mkuku mzito wa chuma chini yake, kwa hiyo hazipinduki kama zetu, lakini kazi ya kamba na usukani ni ileile, na upepo hauulizi nani ni mwana wa nani.

Kwa hiyo, Mwalimu, wanafunzi wanaotetea watu wa nasaba wana hoja hapo. Alipoingia katika Kamati mwaka 1963 alikuwa na medali shingoni, wala hakuwa bado mfalme. Wanaowapinga nao wanaweza kuuliza swali la haki kabisa: mbona Eskitzoglou na Zaimis, walioshika kamba zilezile, hawakuitwa?

Katibu Mstaafu, Bungoma

Niruhusuni nijibu lile swali la pili, kwa maana nimetumikia vyama vya riadha kwa miaka mingi na ndilo lililonikosesha usingizi kuliko mengine yote.

Mwalimu, sentensi uliyoiandika ubaoni ina kosa dogo lenye uzito mkubwa. Kwa mujibu wa kanuni za Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mjumbe si mwakilishi wa nchi yake ndani ya Kamati. Ni mwakilishi wa Kamati ndani ya nchi yake. Wajumbe huchaguliwa na wajumbe wenzao. Coubertin aliipanga hivyo kwa makusudi ili serikali yoyote isiweze kumtuma mtu wala kumwondoa. Constantine alikuwa mjumbe kuanzia 1963 hadi 1974, kisha akafanywa mjumbe wa heshima mpaka alipofariki tarehe 10 Januari 2023. Kura ya Wagiriki ilikuwa na uwezo wa kumvua taji, lakini heshima ya Kamati haikuwa mikononi mwao, kwa kuwa si wao waliompa.

Hata hapa kwetu lilikuwa hivyo. Mjumbe wa kwanza wa Kamati nchini Kenya, Reginald Alexander, Mzungu aliyewahi kuwa meya wa Nairobi, aliingia mwaka 1960, kabla nchi haijapata uhuru, akakaa humo hadi 1990. Hakuna Mkenya wa Bungoma wala wa Kisumu aliyeulizwa. Kuna jambo lingine ambalo vijana hawafundishwi, nami ninaliona kuwa la fahari: mkutano mkuu wa Kamati wa mwaka 1963 ulipangwa kufanyika Nairobi, lakini serikali yetu ilikataa kuwapa ruhusa ya kuingia wajumbe wa Afrika Kusini ya ubaguzi, na mkutano ukahamishiwa Baden-Baden, Ujerumani Magharibi. Mwaka uliofuata Afrika Kusini ilifungiwa mlango wa Olimpiki ya Tokyo. Hatukuwa na kura ndani ya Kamati, lakini tulikuwa na mlango wetu wenyewe, nao tuliufunga.

Utaratibu wa kuchaguana una ubaya wake, nami niliuona kwa karibu. Katika chama kimoja nilichokitumikia, ambacho sitakitaja, siku ya uchaguzi tulifika saa mbili asubuhi tukakuta orodha ya wapiga kura imebandikwa ukutani kwa gundi ambayo haijakauka. Majina ya vilabu vitatu vilivyokuwa vikilalamikia hesabu za fedha hayakuwamo. Kura zilipigwa kwa siri na zikahesabiwa mbele ya watu bila wizi wowote, lakini mambo yalikuwa yamekwisha usiku uliotangulia, pale orodha ilipoandikwa. Tangu siku hiyo, nikisikia kuna uchaguzi wa michezo siulizi nani anagombea mpaka nijue ni nani anayepiga kura na ni nani aliyemweka pale.

Kamati nayo ilipata somo lake. Ilipogunduliwa kwamba baadhi ya wajumbe walipokea zawadi na fedha ili mji wa Salt Lake City upewe michezo ya mwaka 2002, wengine walifukuzwa na wengine wakajiuzulu, akiwamo mjumbe kutoka Kenya. Mageuzi ya Desemba 1999 yaliweka kikomo cha wajumbe 115, yakashusha umri wa kustaafu hadi miaka 70 kwa wajumbe wapya, na yakatenga nafasi 15 kwa wanamichezo wanaopigiwa kura na wanamichezo wenzao. Mwaka 2000 Kipchoge Keino aliingia, na tangu hapo tumepata pia Paul Tergat. Hayo ni mabadiliko ya kweli. Hata hivyo, sehemu kubwa ya wajumbe bado huingia kwa kuitwa na waliomo.

Mwalimu wa Historia, Nakuru

Mzee Katibu, nimesoma ujumbe wako mara mbili na nimeunakili daftarini. Swali moja limebaki. Je, mfano wa Constantine ni wa pekee, au watu wa ukoo huo waliongoza michezo mingine pia? Ninaogopa kuwapa wanafunzi mfano mmoja wakadhani ndiyo kanuni.

Msomaji wa Kakamega

Si wa pekee, Mwalimu. Tazama shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi. Philip, mume wa Malkia Elizabeth, alizaliwa katika kisiwa cha Corfu mwaka 1921 akiwa mwana wa ukoo wa kifalme wa Ugiriki, mjukuu wa George I niliyemtaja, na alikuwa mchanga wakati familia yake ilipofukuzwa. Aliliongoza shirikisho hilo kuanzia 1964 hadi 1986. Akamfuata binti yake Anne hadi 1994, kisha Pilar wa Uhispania, ambaye ni wifi ya Sofia, hadi 2006, kisha Haya wa Jordan hadi 2014. Kabla ya Philip alikuwapo Bernhard wa Uholanzi tangu 1954. Hiyo ni miaka 60 mfululizo ambayo kiti hakikutoka katika koo za kifalme.

Lakini wape na mfano wa upande wa pili. Mwezi Machi 2025 Kamati ilikutana Ugiriki kwenyewe, ikafungua mkutano wake Olympia ya kale, kumchagua rais mpya. Wagombea walikuwa saba. Feisal wa Jordan, mwana wa mfalme, alipata kura 2. Juan Antonio Samaranch, ambaye baba yake aliiongoza Kamati kwa miaka 21, alipata 28. Kirsty Coventry wa Zimbabwe, mwogeleaji aliyepata dhahabu yake ya kwanza palepale Athens mwaka 2004, alipata 49 kati ya 97 na kushinda katika duru ya kwanza, akawa mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho.

Katibu Mstaafu, Bungoma

Nakubaliana na Msomaji, na furaha yangu siku hiyo ilikuwa kubwa. Ninaongeza tu kwamba Coventry aliingia katika Kamati mwaka 2013 kupitia zile nafasi za wanamichezo. Bila mlango uliofunguliwa mwaka 1999, jina lake lisingefika kwenye karatasi ya kura.

Mwalimu wa Historia, Nakuru

Asanteni sana nyote. Leo asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, nimefuta sentensi yangu na mahali pake nikaandika: "Constantine aliiwakilisha Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki nchini Ugiriki." Nimemwita yule msichana aisome kwa sauti. Aliisoma, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza ni nani anayeiwakilisha Kamati hapa Kenya na ni nani aliyemchagua. Nimemwambia aanze na jibu la Mzee Katibu, na Jumatano yeye ndiye atakayefungua mjadala.