Ebola ya Beni na kura ya 2018

Ndugu wa Beni na Butembo, huko mashariki mwa Kongo (DRC), Ebola iligeuza msimamo wenu wa kisiasa?

— Mimi ni wa Beni. Desemba 26, 2018 tulitangaziwa kwamba uchaguzi wetu unasogezwa hadi Machi 2019, kisa Ebola na usalama. Lakini soko lilikuwa wazi, makanisa yamejaa! Desemba 30, wengine nchini walipopiga kura, watu wa Beni walijipangia kura yao wenyewe, wakanawa mikono kwanza. Rais Tshisekedi akaapishwa Januari 2019 bila kura zetu. Tangu hapo mama yangu akawafungia mlango watu wa chanjo. Iliniuma sana.

— Pole, ndugu. Basi hasira haikuwa ya ugonjwa?

— Hapana, ya kunyimwa kura. Mimi mwenyewe nilichanjwa.