Nataka dansi na taarab kwa ubora kamili, kwa njia halali. Nianzie wapi?

Mwana_Pangani:
Wakuu, habari za jioni. Muziki wangu wote uko kwenye flashi, MP3 za kurushiwa madukani. Tangu ninunue hedifoni nzuri nasikia kila kasoro: matoazi yanakwaruza, gitaa la solo na la rithimu yamegandana. Nataka nianze upya kwa FLAC, yaani mafaili yasiyopoteza sauti, na safari hii hela imfikie msanii au warithi wake. Ninazo CD halisi kadhaa, zikiwemo za mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, na sanduku la kaseti za taarab alizoniachia shangazi. Je, hizi MP3 naweza kuzigeuza FLAC? Wapi wanauza faili lenyewe, siyo kusikiliza kwa bando tu? Na CD na kaseti nazihamishaje bila kupoteza kitu?

Binti_Makorora:
Kaka, MP3 usijisumbue nazo. MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa sehemu ya sauti, na kilichotupwa hakirudi. Ukiigeuza FLAC unapata faili kubwa lenye kasoro zile zile. Pakua programu ya bure inaitwa Spek, ifungulie wimbo mmoja wa hiyo flashi. Itakuchorea picha ya sauti, nzito chini na nyembamba juu. Ukiona imekatika kama kwa kisu kwenye 16 kHz, hiyo mara nyingi ni MP3 ya 128 kbps, hata kama jina la faili limeandikwa FLAC. Tumia kipimo hicho hicho kwa yeyote anayekuuzia "ubora wa CD" kwenye magrupu.

Kijana_wa_Nyali:
Kuhusu kununua: anza na Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni. Ukilipia albamu unachagua mwenyewe FLAC, ALAC au WAV (zote hazipotezi sauti), unapakua, na faili linabaki kuwa lako. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala wako huko na singeli ya Dar. Wasanii wengi wanaojitegemea wanauza pale wenyewe, na sehemu kubwa ya malipo inawafikia. Qobuz nao wanauza faili, ila si kwa kila nchi, kwa hiyo angalia kama yako imo kabla hujajaza kadi. Sisi wa Kenya tunalipa kwa M-Pesa GlobalPay, ile kadi ya Visa ya ndani ya simu.

Apple Music wana ubora kamili tangu 2021, lakini pale unakodi. Ukiacha kulipa, muziki unaondoka.

Mwana_Pangani:
Asanteni sana. Nimejaribu Spek, kweli nyimbo karibu zote zimekatika. Kwenye CD je? Nikinakili tu mafaili kwenda laptopu haitoshi?

Binti_Makorora:
Haitoshi, kwa sababu CD ya muziki haina mafaili kama flashi. Unahitaji programu ya kuisoma: Exact Audio Copy kwa Windows, XLD kwa Mac, whipper kwa Linux. Exact Audio Copy iweke kwenye hali salama, ili isome kila kipande zaidi ya mara moja na kukuonyesha palipo na mkwaruzo. Kisha inalinganisha matokeo na ya watu wengine kupitia AccurateRip, orodha ya mtandaoni ya CD zilizokwisha kunakiliwa. CD zetu nyingi za huku hazimo kwenye orodha ile. Usikate tamaa: washa kipengele cha kujaribu halafu kunakili, utaona namba mbili za CRC, yaani za uhakiki, kwa kila wimbo, moja kwa kila usomaji. Zikilingana, umesomeka sawa. Zisipolingana, futa CD kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe, rudia.

Saa moja ya CD ni kama MB 635 kwa WAV. FLAC inashuka hadi karibu nusu yake na haipotezi chochote.

FundiDeki:
Mwanangu, nimeona umetaja kaseti. Hapo ndipo pa kutulia, kwa sababu CD unaweza kuinunua tena, lakini baadhi ya kanda za shangazi yako huenda nakala zimebaki chache sana.

Kwanza safisha hedi ya deki (kile kichwa kinachosoma kanda) na kile kigurudumu cha mpira kwa pamba yenye spiriti, acha pakauke. Peleka kanda mbele hadi mwisho na uirudishe yote kabla ya kuicheza, maana iliyokaa miaka mingi hujikaza. Sasa cheza, uunganishe chaneli mbili ziwe moja, na sikiliza huku ukizungusha taratibu ile skrubu ndogo pembeni ya hedi. Kuna mahali sauti nyembamba, kama za kanuni (ile ala ya nyuzi) na fidla, zitafunguka ghafla. Acha hapo. Fanya hivyo kwa kila kaseti, kwa sababu kila moja ilirekodiwa kwa mashine yake.

Usichomeke kwenye tundu la maikrofoni la laptopu, mara nyingi ni la chaneli moja. Tafuta kifaa cha kuingiza sauti kwa USB kama Behringer UCA202, bei yake ni nafuu na kinatosha kabisa kwa kaseti. Rekodi kwa programu ya Audacity, vilele vya sauti visizidi −6 dB, kisha hifadhi FLAC.

Mkazi_wa_Leicester:
Upande wa sheria: Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inaruhusu nakala ya matumizi yako binafsi kutoka kazi iliyochapishwa kihalali. Kuirusha Telegram au YouTube ni jambo jingine, hapo unahitaji idhini ya mwenye haki. Waulize COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki Tanzania Bara, au wenzao COSOZA kama kazi ni ya Zanzibar. Sisi wa Uingereza tuwe waangalifu zaidi: ruhusa ya kunakili CD yako mwenyewe ilikuja 2014, Mahakama Kuu ikaifuta 2015.

Mwana_Pangani:
Shikamoo mzee FundiDeki, nimefarijika mno. Swali la mwisho: ule mvumo wa kanda niuondoe kabla ya kuhifadhi?

FundiDeki:
Marahaba. Usiuondoe kwenye faili la kwanza. Hifadhi mbichi, pande zote mbili, bila kukata hata ukimya wa mwanzo. Ukitaka kusafisha, safisha nakala. Mvumo ukiutoa kwa nguvu unaondoka na pumzi ya mwimbaji. Piga picha ganda na maandishi yote, uweke kwenye folda moja na FLAC, na folda yote iwe kwenye diski mbili zisizokaa nyumba moja.