Tupeane uzoefu: umeishi na kasuku, akakuonyesha nini?

Mwanakisangani: Jana nilisikia mluzi wa kasuku kwa jirani, nikamkumbuka wetu wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye alikuwa akimwita mbwa kwa sauti ya baba hadi mbwa anakuja mbio. Waliowahi kuishi nao, karibuni.

Mama Neema: Wetu alimpenda binti yangu peke yake. Binti alipokwenda shule ya bweni, kila saa kumi jioni, saa aliyozoea kurudi, ndege alisogea kwenye mlango wa tundu akaita "Mama, nimerudi!" kwa sauti ileile ya mtoto, na mara mbili niliinuka kwenda kufungua. Juma la tatu akanyamaza. Asubuhi moja nilifunua kitambaa nikakuta manyoya yametapakaa, kifua chake kitupu, ngozi nyekundu kama ya kinda, na nyoya moja la mkia likiwa bado mdomoni mwake. Daktari wa mifugo hakumkuta na ugonjwa. Alieleza kwamba hawa ni ndege wa makundi, na upweke huwafanya wajinyonyoe. Hadi leo najilaumu.

Bwiza: Pole sana, mama. Wetu alifanya hivyohivyo tulipohama.

Fundi Salehe: Mwekeeni kioo, atajiona ana mwenzake.

Bwiza: Kioo hapana, kaka. Mpe kazi: mfungie chikichi ndani ya karatasi aifungue mwenyewe, kwa maana huko msituni hushinda akitafuta chakula. Parachichi usimpe kamwe, kwake ni sumu.

Mlinzi wa Msitu: Tatizo ni tundu lenyewe. Hukamatwa kwa ulimbo na wengi hufa njiani. Ndiyo maana mwaka 2016 nchi za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wa kijivu wa porini.

Fundi Salehe: Wangu alizaliwa tunduni na ana miaka 20. Nikimfungulia leo atakufa njaa. Usituhesabu kuwa wezi.

Mlinzi wa Msitu: Sijakuita mwizi, ndugu yangu. Nasema usinunue wa pili.

Mwanakisangani: Mama Neema, binti aliporudi likizo ilikuwaje?

Mama Neema: Ndege alimtazama kwa jicho moja, akageuza kichwa akamtazama kwa la pili, ndipo akamshukia begani, akakaa hapo hadi usiku. Vinyoya vya kifuani vilianza kuchomoza. Shule ikafunguliwa.