Ada ya jumuiya ya nyumba: nilipe au ninyamaze?

Kutoka Houston

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Naomba ushauri. Mwaka jana tulinunua nyumba kwenye mtaa wenye HOA, yaani jumuiya ya wenye nyumba. Juzi imekuja barua ya rejista: tunadaiwa ada ya robo mbili za mwaka, na juu yake faini kwa sababu majani ya mbele ya nyumba yalirefuka. Mume wangu anasema nyumba ni yetu, benki tunalipa, hao wasitubabaishe. Na kule Dodoma tulikojenga nako kamati inadai mchango wa miezi saba. Nyumba yenyewe tumepangisha, sisi hatujawahi kulala hata usiku mmoja. Tulipe lipi, tuache lipi?

Kutoka Dodoma

Marahaba mdogo wangu, pole na barua. Mimi Houston nimekaa miaka kumi na mmoja, miwili kati ya hiyo nilikuwa kwenye bodi ya HOA ya mtaa wetu. Sasa ni katibu wa hiyo hiyo jumuiya inayokudai, nyumba 24 ndani ya uzio mmoja huku upande wa Ilazo. Kwa hiyo kote kuwili naongea kama mtu aliyewahi kudai na kudaiwa.

Tuanze na Texas kwa sababu siku zinahesabiwa. Mwambie shemeji, kwa heshima zote, nyumba ni yenu ila mlipoinunua mliichukua pamoja na masharti yake, yamesajiliwa kaunti na yanafuata ardhi hata ikiuzwa mara kumi. Ada isipolipwa, jumuiya inaweza kufika mahakamani na nyumba ikauzwa. Faini ni jambo jingine. Sura ya 209 ya sheria ya mali ya Texas hairuhusu nyumba kuuzwa kwa deni la faini peke yake. Kwa hiyo ada kwanza. Kama hamna zote kwa mkupuo, andikeni leo kuomba kulipa kwa awamu. Jumuiya yenye nyumba zaidi ya 14 inatakiwa kuwa na utaratibu huo, na muda wake usipungue miezi mitatu.

Kuhusu majani, angalia tarehe ya barua. Mna siku 30 tangu ilipotumwa kuomba kusikilizwa na bodi. Ombeni kwa maandishi, kateni majani, pigeni picha, mwende wote wawili. Nimekaa ule upande wa pili wa meza. Mtu akija mwenyewe na picha zake, mara nyingi tulimfutia. Tuliyeshindwa kumsaidia ni yule wa kunyamaza, maana faili lake lilikwenda kwa wakili, na gharama za wakili zikamrudia yeye.

Sasa ya Dodoma, na hapa naomba mnivumilie nyote mlio mbali, kwa sababu hili linaniuma.

Maji yetu ni ya mgao. Yakija yanaingia tanki la chini, halafu pampu inayapandisha kwenye mnara, kutoka mnarani ndiyo yanashuka kila nyumba. Mwaka juzi, Agosti, pampu ilianza kulia. Mlinzi alinifuata akaniambia, "Mama katibu, hii bearingi imekwisha." Nikaandika kuomba mchango. Nyumba tisa zikatuma. Wengine mkasema hamkai huku, wengine mkauliza fedha za mwanzo zilikwenda wapi, ingawa hesabu nilikuwa nimezituma wiki ile ile. Oktoba, Alhamisi jioni, pampu ikaungua. Fundi alipoifungua nilikuwepo: waya za shaba zilikuwa nyeusi tii, zinanuka kama nywele zilizoungua, na bearingi imesagika ukiishika inaacha unga wa chuma kiganjani. Ikabidi mota isukwe upya. Siku sita. Kwa siku sita guta lilikuwa linapita getini na madumu ya lita 20, na mpangaji wenu, mdogo wangu, ambaye alikuwa na mtoto wa miezi miwili, alikuwa anapanga foleni na mgongo bado unamuuma. Boza mbili za maji tulizonunua zile siku zilizidi bei ya bearingi tuliyoshindwa kununua Agosti.

Ndiyo maana siku hizi sehemu ya kila mchango inaingia mfuko wa akiba wala haiguswi kwa mshahara wa mlinzi au taka. Wa Marekani mnakumbuka lile jengo la Surfside, Florida, Champlain Towers South, lililoanguka tarehe 24 Juni 2021 wakafa watu 98. Uchunguzi una mengi ya kiufundi, lakini wamiliki walikuwa wamevutana kwa miaka kuhusu matengenezo, na muda mfupi kabla ya hapo ndipo walipopangiwa kuchanga dola milioni 15. Silinganishi pampu na roho za watu. Nasema kuchelewa ni kule kule.

Kutoka Minneapolis

Dada katibu, asante. Ila mimi hati yangu ya Dodoma ni ya kiwanja changu mwenyewe. Kisheria nani ananilazimisha?

Kutoka Dodoma

Kaka, hapo umegusa penyewe. Ungekuwa na fleti kwenye ghorofa, ipo Sheria Na. 16 ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za jengo: wamiliki wanakuwa na chombo chao cha kusimamia ngazi, paa, mabomba na vyote vya pamoja, na michango inatambulika. Sisi wa nyumba moja moja hatuna deni linaloganda kwenye ardhi kama la Texas. Tulichofanya ni kusajili jumuiya chini ya Sheria ya Jumuiya, kisha kila mwenye nyumba akasaini mkataba wa kutunza uzio, geti, mtaro, taa na pampu. Wewe ulisaini, nakala ninayo. Ukiuza, tunaomba mnunuzi asaini kabla hujamkabidhi funguo.

Wapo waliopendekeza tuwakatie maji wasiolipa. Nilikataa na bado nakataa. Anayekauka ni mpangaji, na yeye kodi amelipa. Akihama, nyumba inabaki tupu, na nyumba tupu ndani ya uzio ndiyo wezi huanza nayo. Njia yetu ni barua, halafu kikao, halafu mwenyekiti wa mtaa kama msuluhishi. Imetosha mpaka sasa kwa wote isipokuwa nyumba mbili.

Na hesabu mna haki ya kuziona. Kila shilingi ina risiti, mweka hazina na mimi tunasaini pamoja benki. Ukiona kitu hakieleweki niandikie, usingoje mkutano.

Kutoka Houston

Tumeomba awamu na tumeomba kusikilizwa. Majani yamekatwa, shemeji yako mwenyewe kashika mashine. Ya Dodoma tumetuma yote miezi saba. Sikujua habari ya mtoto, dada.

Kutoka Dodoma

Zimefika, risiti nimekutumia. Mtoto sasa anatembea.

Mkutano ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, chini ya mwarobaini wa getini. Tunapiga kura kuhusu pampu ya pili ya akiba na kuzibua mtaro kabla ya mvua za Desemba, maana mchanga umeshajaa hadi nusu. Bila nyumba 13 hakuna uamuzi, na mara mbili tumeshaishia 11. Mlio nje, kila mmoja ateue mtu wa kumwakilisha, aje na karatasi yenye saini yenu na namba ya nyumba. Picha ya karatasi kwenye simu naipokea, mradi inifike Ijumaa kabla ya magharibi.